Fungate ya miguu: bi harusi, umeshafika Natta?

Leo hatuzungumzi singo wala hina. Tunazungumza fungate, na neno letu baadhi yenu hamtalipenda. Zile pesa zinazotoka visiwani humu kila mwaka kwenda kumalizwa kwenye maduka ya Dubai, tungependa kuziona zinakwenda Natta, mtu na mumewe wakatembea kwa miguu.

Natta ni wapi? Ni wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Musoma, ziwa liko kushoto kwako, unapita geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, unafika Bunda. Hapo unapinda kulia na kujiandaa kula vumbi. Wenyeji ni Wanatta, na majirani zao ni Waikoma na Waisenye. Kusini yao kuna Pori la Akiba la Grumeti, na nyuma yake ndio Serengeti yenyewe, kilomita za mraba 14,763. Unguja yote ukiiweka humo mara nane bado pana nafasi ya kumtia shangazi yako na mabegi yake.

Sisi ni mafundi cherahani. Tumewashonea mabibi harusi abaya, magauni na nguo za fungate kwa miaka sasa, na fundi husikia mengi. Bi harusi anakuja kupimwa kabla, anarudi baada ya mwezi kupunguza au kuongeza, na hapo ndipo tunapomuuliza safari ilikuwaje. Wengi hutuonyesha picha. Jengo refu, chemchemi ya maji inayocheza, sahani ya chakula. Tukiuliza walizungumza nini na waume zao siku saba zile, wanacheka na kurudi kwenye picha.

Fungate maana yake ni hizo siku saba. Bibi zetu walizikaa ndani, somo yupo karibu, chakula kinaletwa, na hakuna kazi ila kujuana. Hatuidharau desturi ile, ilikuwa na akili yake: iliwapa watu wawili wasiojuana muda wa kuwa peke yao. Fungate ya siku hizi imewaondoa chumbani, sawa, lakini imewapeleka sokoni. Na sokoni watu hawajuani, wananunua.

Basi mwaka jana, mwezi wa sita, tulikwenda Natta watu sita, wake watatu na waume zetu. Mmoja wetu alikuwa na ndoa ya wiki tatu. Kabla ya kuondoka tulimwendea wakala mmoja wa safari hapa mjini, jina lake tunalihifadhi, tukamwambia tunataka kutembea kwa miguu porini. Akatutazama kuanzia ushungi hadi kiatu, akasema hiyo ni shughuli ya wazungu, nyinyi na mabuibui yenu nitawapeleka ndani ya gari mpige picha. Kisha akatutajia bei kwa dola, sisi wenye vitambulisho vya Mtanzania mkononi! Tuliondoka. Tukapanga wenyewe, kwa simu, na watu wa huko huko.

Tuieleze hii ya kutembea, maana wengi hamuijui. Ndani ya Hifadhi ya Taifa wageni wengi hubaki garini, na kutembea ni kwa mpango maalumu, sehemu maalumu, pamoja na askari. Lakini pembeni ya hifadhi iko Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, iliyoundwa na vijiji vitano, Robanda na Natta Mbiso vikiwemo. Ardhi hiyo ni ya vijiji, wanyama wanapita humo, na kutembea na askari mwenye bunduki kunaruhusiwa kwa utaratibu wao. Sehemu ya mapato hurudi vijijini.

Mnatoka baada ya sala ya alfajiri, mkiwa na chai tumboni. Mnakwenda kwa mstari mmoja, askari mbele, hakuna anayempita. Hakuna kuzungumza ila kwa ishara ya mkono. Askari wetu alikuwa na kifuko cha kitambaa kilichojaa jivu. Kila baada ya muda alikitikisa kidogo akatazama jivu linapeperukia wapi, kwa sababu nyati na tembo hukujua kwa harufu kabla hawajakuona. Fundi cherahani ukakae saa mbili kimya, bila redio wala simu, mtandao wenyewe umekatika! Dakika kumi za mwanzo ulimi uliwasha. Baada ya hapo tukaanza kusikia.

Tulisikia nyumbu kabla ya kuwaona. Tulidhani ni vyura wa bwawa kubwa. Mwezi wa sita kundi la nyumbu, ambalo kwa jumla lina zaidi ya milioni moja, hupita upande huu wa magharibi wa Serengeti, kwenye mto Grumeti, likielekea kaskazini. Ukiwa garini unawatazama kwa juu kama sinema. Ukiwa kwa miguu, nyasi zinakufika kiunoni, wao wanakohoa na kuguna mbele yako, unajiona mdogo. Ukasema Subhana Llah bila kufundishwa na mtu.

Kisha tukawaona kanga. Wale ndege, makusudi. Kundi lao lilikuwa linakimbia kwenye vumbi, weusi wenye madoadoa meupe, shingo ya buluu. Tunavaa kanga, tunauza kanga, tunatunza bi harusi kwa kanga, na husemwa kuwa nguo ilipata jina kwa ndege huyu kwa ajili ya madoa yake. Watatu sote tulikuwa hatujawahi kumwona akiwa mzima porini.

Na waume zetu? Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize, mabibi harusi. Mwanamume dukani hujionyesha kwa pochi. Porini pochi haina kazi. Tembo wanne walitoka kwenye kichaka upande wa mto, mbali kiasi lakini si mbali sana, askari akainua mkono, sote tukasimama kama miti. Mmoja wa waume zetu, ambaye nyumbani sauti yake inasikika hadi baraza ya jirani, alikamata mkono wa mkewe akawa anasoma kwa midomo. Hakuuachia mpaka tulipofika kambini. Mwengine, mpole, asiyesema kitu mbele ya mama mkwe, ndiye aliyebaki nyuma akahakikisha hakuna mwanamke aliye wa mwisho kwenye mstari. Bi harusi wetu alikuwa amekaa na mumewe wiki tatu, na jioni ile alitwambia amemjua siku hiyo. Mambo haya huyajui kwenye lifti ya hoteli.

Wanatta wenyewe wana hadithi ya asili yao: mwanamume wa kwanza alikuwa mwindaji, mwanamke wa kwanza alikuwa mkulima, wakakutana porini wakawa mume na mke. Kijana aliyetuongoza alitusimulia tukiwa chini ya mgunga, akacheka, akasema basi nyinyi mmekuja kufanya kama wazee wetu.

Sasa nguo, kwa sababu hapa tuna haki ya kusema kwa urefu. Tatizo la buibui porini si stara. Tatizo ni rangi na kitambaa.

Mbung'o, nzi anayeeneza malale, anavutwa na rangi nyeusi na buluu. Ukifika huko utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwenye miti kando ya njia. Sisi mafundi tulivisogelea kutazama mshono. Vile ni mitego, vimetiwa dawa, mbung'o avifuate afe. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa buibui jeusi pale anatembea kama mtego usio na dawa. Na mbung'o anauma kupitia nguo nyepesi, msije mkadhani nida laini itamzuia. Nyeupe nayo haifai, inaonekana mbali na kuwashtua wanyama. Nguo za mabaka kama za jeshi msithubutu, sheria ya nchi hairuhusu raia kuzivaa.

Tulishona hivi. Abaya ya pamba nzito rangi ya kaki, nyengine rangi ya majani makavu, imekatwa pana lakini pindo linaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, lisikokote miiba. Migunga ya kule ina miiba ya kila aina, mirefu na ile iliyopinda kama ndoana, na nida ikikamatwa humo inachanika kwa mstari mrefu usiozibika. Chini yake suruali pana ya kitambaa hicho hicho, miguuni ina lastiki, inaingia ndani ya soksi. Pande mbili za abaya tumetia marinda ya ndani badala ya mpasuo, hatua ipate nafasi bila mguu kuonekana. Mfuko wa ndani kwa simu na msahafu mdogo. Mtandio wa pamba mita mbili, ukafungwa kichwani na kupita mara moja puani wakati wa vumbi. Aliye na nikabu alishukuru kuliko sote. Miguuni raba ngumu, si kandambili za kung'aa. Mawe ya kung'aa na darizi za dhahabu muziache kwa siku ya kutolewa nje.

Hata mmoja wetu hakuonyesha unywele, na hata mmoja hakubaki nyuma. Kwa hiyo anayesema mwanamke wa Kiislamu hawezi kutembea porini kwa sababu ya mavazi yake, tunamwambia alete kitambaa.

Sala haikutupa taabu. Ni safari, kwa hiyo kuna kukusuru na kukusanya, na sisi wa madhehebu ya Shafii tunajua hesabu yake: usinuie kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka. Adhuhuri na alasiri tulizisali pamoja kivulini, waume mbele, wake nyuma, askari kasimama kando akitulindia. Yeye Mkristo, na alivua kofia bila kuambiwa. Kibla kiangalieni vizuri, maana huku Unguja ni karibu kaskazini tupu, kule kinakwenda mashariki kidogo ya kaskazini. Maji ya udhu mkiyahofia kuisha, vumbi la tayamamu halijapata kukosekana Natta.

Chakula kinataka mpango. Waislamu huko ni wachache, kwa hiyo suala la nani kachinja muulize mapema na kwa adabu, watu hawakasiriki. Sisi tulinunua samaki Bunda, sato na dagaa wa kukaanga, tukala na ugali wa wenyeji wetu na maziwa ya mgando. Nyama ya porini mkiitiwa na mtu pembeni mkatae, ni kosa la jinai mbali na kuwa hamjui imekufaje. Na malaria msiifanyie mzaha. Kwetu visiwani imepungua sana mpaka miili yetu haiizoei, Kanda ya Ziwa bado ipo. Mwone daktari kabla ya safari akupe dawa ya kinga, na umwambie ukweli kama unadhani una ujauzito, kwani si kila dawa inafaa.

Gharama? Siku tuliyoamua kuingia ndani ya Serengeti kwa gari, Mtanzania mtu mzima alilipa shilingi 10,000 na kodi juu yake. Mgeni wa nje kiingilio chake ni kikubwa zaidi, tena kwa dola. Gari ndiyo inayokula pesa, kwa hiyo nendeni watu sita mgawane. Zipo kambi za kifahari ambazo usiku mmoja ni mahari ya mtu, hizo zipiteni. Kwa jumla, boti, ndege hadi Mwanza, gari, kulala usiku tatu na kurudi, kila mke na mume walitumia chini ya nusu ya alichotumia mteja wetu mmoja Dubai wiki hiyo hiyo.

Wako watakaosema: mbona mwaziita starehe taabu za watu? Swali hili tunalikubali, na ndilo lililotukalia kooni kuliko simba.

Siku ya pili tulikaa na kina mama wa Natta, uani, wakituonyesha ulezi wao. Kutembea kwao si fungate. Kuni ziko upande ule ule wanaotoka tembo, na wao hawana askari mbele wala kifuko cha jivu. Mashamba yanakaribia kuvunwa, tembo wanaingia usiku, familia inalala nje kupiga makopo, kuchoma pilipili moshi uwafukuze, wengine wametundika mizinga ya nyuki kwenye uzio kwa sababu tembo anamwogopa nyuki. Serikali ina malipo yake, kwa shamba lililoharibiwa yanaitwa kifuta jasho, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa yanaitwa kifuta machozi. Majina mazuri. Mama mmoja alisema jasho lake limekauka lenyewe akisubiri.

Na kuna la zamani zaidi. Wazee wa huko wana majina ya vilima, visima na sehemu za matambiko ambazo leo ziko ndani ya mipaka ya hifadhi, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Babu zao waliwinda na kulima humo. Leo mjukuu akiingia bila kibali ni jangili, sisi tukiingia na risiti ni watalii.

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wanatwambia huko watu hulipa kwenda visiwa vya mbali vya Scotland, kwa boti ndogo na mvua ya ubavuni, wakatembea siku nzima kutazama ndege wa baharini na sili. Kimoja katika visiwa hivyo, St Kilda, watu wake 36 wa mwisho waliondoka tarehe 29 Agosti 1930, maisha yamewashinda, na nyumba zao za mawe sasa ndizo wageni wanazokwenda kuziona. Hata Rubondo, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria kilichokuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, kilikuwa na wakaazi waliohamishwa. Sisi watu wa visiwa tunayajua haya vizuri. Tunajua ufukwe ukigeuka kuwa wa hoteli mvuvi anapita wapi.

Jawabu letu si kubaki nyumbani. Mgeni asipokwenda Ikona, kijiji hakipati kitu, na tembo anaingia shambani vile vile. Jawabu ni namna ya kwenda. Mwongozaji awe mtoto wa pale. Chakula mnunue kwa mama wa pale. Mlale ambapo pesa inabaki kijijini, na muulize waziwazi inabaki kiasi gani, msione haya, nyinyi ndio mnaolipa. Na mtembee, kwa sababu anayetembea anakutana na watu, wa garini anakutana na madirisha. Ile nusu ya siku tuliyopita garini Serengeti tuliona simba saba na hatukuzungumza na binadamu hata mmoja.

Ambaye moyo wake haujawa tayari kwa simba aanze karibu. Jozani iko hapa Unguja, kutembea msituni na kima punju juu ya kichwa ni asubuhi moja tu, na ni aibu kuwa wengi wetu tumeipita barabarani maisha yote bila kushuka. Pemba kuna msitu wa Ngezi na popo wake wakubwa wasiopatikana kwengine duniani. Halafu Rubondo, tuliyoitaja, ambako simba hakuna kabisa na kutembea ndiyo shughuli yenyewe. Kuna sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa pale kati ya mwaka 1966 na 1969, na vizazi vyao vinaishi porini mpaka leo. Hiyo nayo ni fungate ya heshima.

Lakini sisi mwezi wa sita tunarudi Natta, inshallah. Wale kina mama walizipenda zile suruali za lastiki kuliko vitu vyetu vyote. Walizivuta, wakazipindua kutazama mshono wa ndani, wakauliza zinafaa kwa kuni au ni za wageni tu. Tumeshakata kumi na mbili, kaki nane na rangi ya majani makavu nne, na kiolezo tumekichora kwenye karatasi ngumu ili fundi wa kule aendelee nacho mwenyewe. Bi harusi yeyote anayekwenda kabla yetu apite dukani, furushi si zito.